Mjadala: Mtoto apimwe siko seli kwa kuangalia kabila yake, ama kila mtoto apimwe?

Mleta mada, Nakuru

Wazazi wenzangu, hii kitu tuiongee bila kuzunguka. Kwa grupu ya mtaa wetu mtu ameandika ati kaunti ikianza kupima watoto wachanga siko seli, ianze na wa Waluo na Waluhya juu hao ndio "wenye ugonjwa", wengine ni kuharibu pesa. Watu wakaunga mkono wakasonga. Mimi nimekataa na sababu niko nazo.

Kwa wenye hawaijui vizuri, siko seli, ile ya vitabuni wanaita selimundu, ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu zinajikunja, zinakwama kwa mishipa midogo, ndio unaona mtoto analia mifupa, anaishiwa damu, macho yanakuwa ya njano, na wengu, ile inayomkinga na bakteria, ikishachoka nimonia inamwangusha siku moja tu. Lazima arithi jeni kwa baba na kwa mama. Mwenye amerithi upande mmoja, wale wa AS, haumwi kitu, tena malaria kali haimwezi kirahisi. Lakini wawili wa AS wakizaa, kila mimba iko na nafasi moja kwa nne ya mtoto kuwa nayo kamili.

Aliyeonyesha hii mambo ya malaria ni Anthony Allison, daktari mzungu aliyelelewa shambani hapo Gilgil tu. 1949 alipima damu ya watu wa makabila mbalimbali Kenya, akakuta pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye hiyo jeni wanapita asilimia 20, na huku juu kwa baridi hawafiki hata asilimia 1. 1954 akachapisha kwamba inafuata malaria. Kwa hivyo Mluo ama Mluhya hana damu ya ajabu, mababu zake waliishi penye mbu miaka elfu na maelfu, basi. Ndio maana Mgiriama wa Kilifi ako nayo na hana undugu wowote na Mluo.

Sasa uje Nakuru. Huu ni mji wa reli na mashamba, watu wamekuja kutoka kila mahali na wameoana. Kuna mtoto namjua hapa Kaptembwo, baba anaitwa jina la Kikuyu, mamake ni Mteso wa Busia, na nyanya mzaa baba alikuwa wa Mumias, huko magharibi pia. Akiwa miezi nane vidole vya mikono na nyayo vilifura vikang'aa, ukimgusa tu anapiga nduru, chupa ya uji hawezi kushika. Alipelekwa kituo cha afya, ikaandikwa malaria. Akarudishwa, ikaandikwa maambukizi, akapewa dawa ya maji. Hiyo kufura vidole kwa mtoto wa umri huo mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya siko seli, iko kwa kila kitabu cha udaktari, lakini jina kwa kitabu cha kliniki lilikuwa la Kikuyu na hakuna mtu aliwaza. Alikuja kupimwa ako na miaka tatu, tena baada ya kuongezwa damu, ikabidi wangoje miezi ingine juu damu ya mtu mwingine ilikuwa bado iko ndani yake na kipimo kingedanganya. Miaka tatu bila penisilini, ile dawa ya kumkinga na maambukizi. Mungu tu ndiye alimweka.

Na upande ule mwingine kabila pia inaumiza. Kijana wa jina la huko ziwani anaingia usiku akijikunja na maumivu, anaambiwa "nyinyi watu wa siko mmezoea sindano", anaachwa kwa benchi mpaka asubuhi. Kabila moja haifikiriwi, ingine ishahukumiwa kwa mlango.

Pia tukumbuke tuko wapi. Januari 2008, kwa ghasia za baada ya uchaguzi, hapa Nakuru na Naivasha watu waliulizwa kabila barabarani na jibu ndilo liliamua kama utafika nyumbani. Mama mwenye alipita hapo, leo umuulize kwa dirisha la kliniki "nyinyi ni watu wa wapi" na ako na mtoto mgongoni, unadhani atakujibu ukweli? Kila mtoto apimwe. Karibuni.

Jibu kutoka Kisumu

Dada, nimesoma yote na mimi ni nesi wodi ya watoto, nimeshika hawa watoto kwa mikono yangu, kwa hivyo usinione kama adui. Lakini nitakupinga.

Vipimo havitoshi. Ukisema kila mtoto Kenya nzima, ile boksi ingekuja Siaya na Homa Bay itaenda mahali nesi atapima watoto mia na hatapata hata mmoja, na huku kwetu mtoto atazikwa bila mtu kujua alikufa na nini. Ile ripoti ya KDHS ya 2014, utafiti wa kitaifa wa afya ya watu, ilionyesha Nyanza, yaani huku kwetu, watoto 82 kwa kila 1,000 hawakufika miaka mitano, Central ilikuwa 42. Karibu mara mbili! Ukigawa sawa kwa watu hawako sawa umeacha ile pengo vile ilikuwa. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019, ikaanza na kaunti nane za ziwani na magharibi pekee, na hakuna mtu wa Nyeri alilia ati amebaguliwa. Tuliona ni haki juu sisi ndio tunazika.

Halafu tukipata mtoto mapema tunajua cha kufanya. Penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, chanjo zote pamoja na ile ya nimonia yenye Kenya iko nayo tangu 2011, dawa ya kuzuia malaria, neti, na haidroksiyurea, dawa ya siko seli yenyewe. Ule utafiti uliofanywa Kilifi, Uganda, Kongo na Angola, matokeo yakatoka Desemba 2018, ulionyesha watoto wakitumia haidroksiyurea maumivu yanapungua, kuongezwa damu kunapungua, malaria inapungua, na vifo vinapungua. Sasa niambie, hizo dawa ziende wapi kwanza? Nikiwa na mama wa Nyando hapa mbele yangu mwenye ameshazika wawili, na nyumbani wanamwambia ni chira, laana ya kuvunja mwiko, siwezi kumwambia angoje mpaka Laikipia ipimwe.

Jibu kutoka Bungoma

Mimi ni mwalimu, naona nyote wawili mnaongea kabila na shida ni pesa. Mluhya tajiri anapeleka mtoto private na anapimwa jioni hiyo hiyo. Mkikuyu maskini wa kijijini hapati. Hii SHA, bima ya afya ya serikali iliyokuja Oktoba 2024 badala ya NHIF, mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75 hata hajui, lakini mama mboga anaambiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Hapo ndio watu wanaachwa. Na kule Marekani Desemba 2023 wameidhinisha tiba mbili za jeni za huu ugonjwa, moja bei yake dola milioni 2.2 na ingine milioni 3.1, kwa mtu mmoja. Umaskini ndio kabila ya kweli hapa, hayo mengine ni siasa.

Na kitu ingine, mkipima kila mtu na majibu yakivuja, wasichana wetu wataambiwa hawaoleki. Nimeona familia ikivunja posa kwa sababu hiyo. Nani atalinda hiyo siri?

Jibu kutoka Eldoret

Nafanya maabara. Mambo mawili tu. Kwanza, kile kipimo cha zamani cha kuangalia kama damu inajikunja hakifai kwa mtoto mchanga, juu bado ako na ile damu ya akiwa tumboni mwa mama, na kipimo kitasema hana kitu, mzazi anaenda nyumbani akifurahi bure. Inatakiwa ama mashine ama kile kipimo cha haraka kipya, kinafanana na cha malaria, tone moja la damu, dakika kama kumi.

Pili, mfumo wa kubeba damu ya watoto wachanga huku magharibi tunao. Mtoto wa mama mwenye HIV akifika wiki sita anachomwa kisigino, damu inakaushwa kwa karatasi, inaenda maabara za Kisumu, Alupe, Eldoret. Karatasi hiyo hiyo inaweza kupima siko seli. Lakini mjue sehemu kubwa ya hiyo kazi ilikuwa inabebwa na pesa za Marekani, na Januari 2025 zikasimamishwa, kwa hivyo mtu asipange kama zile siku.

Mleta mada, Nakuru

Asanteni. Nianze na sista wa Kisumu juu maneno yake yamenikaa. Kuanza na kaunti zenye mzigo mkubwa, hiyo nakubali mia kwa mia, Homa Bay na Siaya zitangulie hata kesho. Lakini angalia vile chanjo ya malaria ilifanywa. Mtoto wa Mkikuyu mwenye duka Mbita, Homa Bay, alichanjwa kama wengine, kwa sababu ilifuata mahali. Hakuna nesi aliuliza kabila. Kuanza na mahali na kuanza na kabila ni vitu viwili, na huyo wa grupu yetu alisema kabila. Pia chanjo inafuata mbu, na mbu wa Ndhiwa hapandi matatu kuja Nakuru. Jeni inapanda. Iko Kaptembwo, iko Kibera, iko Eldoret, iko kila mahali mtu wa ziwa ama wa pwani alienda kutafuta kazi akapata mke. Kwa hivyo zianze kaunti za ziwani na pwani, kila mtoto bila kuuliza jina, zifuate miji kama Nakuru, halafu Kenya yote.

Hii njia wengine wameshaipita. Marekani 1986 walionyesha penisilini inapunguza maambukizi makali ya bakteria ya nimonia kwa hawa watoto kwa asilimia 84, wakasimamisha utafiti mapema juu watoto watatu waliokuwa hawapewi walikuwa wamekufa. Mwaka uliofuata wataalamu wao wakasema kila mtoto apimwe, asiangaliwe rangi, kwa sababu mwenye kukisia rangi anaacha watoto nyuma. Kufika 2006 majimbo yote 50 yalikuwa yanapima. Uingereza mama wajawazito wa sehemu zenye ugonjwa ni mchache bado wanajaza fomu ya asili ya familia, na sista hiyo ni hoja yako, lakini mtoto akizaliwa kisigino kinachomwa awe wa nani.

Mwalimu, umaskini unaua, sibishani. Lakini haumalizi hesabu. Marekani wakati wa uzazi mwanamke mweusi anakufa karibu mara tatu kuliko mzungu, na waliposoma kwa undani wakakuta hata mweusi mwenye digrii ako hatarini kushinda mzungu hajamaliza sekondari. Pesa na masomo hazikumkinga. Mtu akishakuhukumu kwa sura ama kwa jina, hakusikilizi ukisema unaumwa, na hiyo ndio inampata yule kijana wa benchi. Umaskini wake ni mzigo mmoja na jina lake ni mwingine.

Kuhusu siri uko sawa kabisa na hilo sikuwa nimeligusa. Majibu yawe ya mzazi peke yake, yaandikwe kwa alama kama tunavyofanya na HIV, na mwenye atayatoa awe amefundishwa kueleza AS ni nini, juu nimesikia mama akiambiwa mtoto wake wa AS ni mgonjwa akalia wiki mzima bila sababu.

Ndugu wa maabara, wiki sita ndiyo ninayoitaka. Mama anakuja na mtoto kwa sindano ya kwanza ya nimonia, nesi tayari ameshika mguu, apime hapo hapo. Mashine tutapigania baadaye.

Makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike bunge la kaunti isizidi Aprili 30, na kabla hapo wananchi wanaitwa kutoa maoni. Mara nyingi tunaongea barabara na taa za mtaa, watoto hawatajwi. Mwenye anaenda kwa wadi yake aandike mistari miwili, vipimo vya haraka vya siko seli kliniki ya wiki sita, na penisilini na haidroksiyurea zisikose duka la dawa la hospitali. Sista, kama unaweza nitumie orodha ya vile mnahitaji kwa mtoto mmoja kwa mwaka, niingie nayo kwa mkutano wa wadi yetu.