Tupeane uzoefu: gari lilipokuonyesha kwamba injini inamisi, kibovu kilikuwa wapi?

Kigari Cheupe

Wakuu, habari zenu. Naomba tukusanye hapa visa vya injini kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka kwenye zamu yake, hasa vile ambavyo kompyuta ya gari ndiyo iliyotangulia kusema. Kila mtu aeleze gari lilifanyaje, mashine ya kupimia ilisoma namba gani ya kosa, na mwishowe kilichokutwa kibovu ni nini.

Naanza mimi. Nilikuwa napandisha mlima, gari limejaa watu. Nilipoongeza mafuta likaanza kushtukashtuka, na taa ya cheki injini ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Kwa kuwa gari lilikuwa bado linatembea, nikaenda nalo hivyohivyo kama nusu saa. Nilipofika, joto kali lilikuwa linatoka chini ya sakafu. Kupima: P0302, silinda ya pili inamisi. Koili yake, inayoipa plagi umeme wa cheche, ilikuwa imekufa. Nikaweka nyingine, injini ikatulia. Lakini haukupita muda gari likawa zito, kilima kidogo tu halipandi. Masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, yalikuwa yameyeyuka ndani na kuziba njia ya moshi.

Sikujua kwamba taa ile ina lugha mbili. Kompyuta huhesabu misi kwa mafungu ya mizunguko ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Fungu la mizunguko 1000 ni la kuangalia moshi mchafu. Misi zikizidi kiwango katika safari mbili, taa inawaka na kubaki. Fungu la mizunguko 200 ni la kulinda masega. Zikizidi hapo, taa inapepesa. Petroli isiyoungua kwenye silinda hutoka pamoja na hewa yake na kwenda kuungulia ndani ya masega. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, mizunguko 200 ni sekunde 4. Nilionywa mapema kiasi hicho, nami nikaendesha nusu saa. Taa ikipepesa, punguza mafuta, tafuta mahali salama usimame. Nalisema hili kwa uchungu.

Nuru77

Pole sana mkuu. Yangu ni fupi. Niliosha injini kwa maji ya presha, kesho yake P0303. Kuchomoa koili, shimo la plagi lina maji. Nikapuliza kwa upepo wa kompresa, nikakausha mpira wa koili, nikafuta namba. Haikurudi tena.

Fundi Krenki

Kabla ya kisa changu, niseme kitu ambacho wateja wengi hawakijui: kompyuta haioni moto ndani ya silinda. Magari machache yanapima mkondo wa umeme kwenye plagi baada ya cheche, Saab walifanya hivyo, lakini mengi yanategemea sensa ya krenki. Krenki ina gurudumu la meno, na la kawaida sana lina nafasi 60 huku meno mawili yakiwa yameachwa makusudi ili kompyuta ijue mzunguko unaanzia wapi. Kazi ya kompyuta ni kupima muda kati ya jino na jino. Injini ya silinda nne inapata msukumo mmoja kila nusu mzunguko. Silinda isipowaka, nusu mzunguko ile inachelewa kidogo mno, na kuchelewa huko ndiko misi yenyewe kwa macho ya kompyuta. Sensa ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu, inasaidia kujua ni zamu ya silinda ipi, kwa sababu krenki huzunguka mara mbili ndipo silinda zote zimalize zamu zao.

Sasa kisa. Gari lililetwa kwangu likiwa na P0300, yaani misi zinazorukaruka bila kushika silinda moja. Plagi mpya, koili mpya, nozeli za kupulizia petroli zimesafishwa, na namba inarudi kila likienda kasi. Mimi nikilisikiliza, injini tamu kabisa. Nikamuuliza mwenyewe nini kilifanyika kabla ya hapo, akasema alibadilisha klachi na flaiwili, lile gurudumu zito mwishoni mwa krenki. Gari lile meno ya sensa yapo kwenye flaiwili! Hakuna gurudumu ambalo meno yake yamekatwa sawasawa kabisa, kwa hiyo kompyuta hujifunza kasoro za gurudumu lake na kuzitoa kwenye hesabu. Injini ikizunguka 6000 kwa dakika, nusu mzunguko ni milisekunde 5 tu, kasoro ndogo ya jino inafanana na misi. Ile kompyuta ilikuwa bado inatumia kasoro za flaiwili ya zamani. Nikaingia na mashine, nikaifundisha upya: unapandisha mizunguko, unaachia mafuta, inapima krenki ikishuka yenyewe bila msukumo wa moto. Namba ikaisha. Mwenye gari alikuwa ameshanunua vifaa vingi visivyo na kosa lolote.

Mama Pacha

Kaka Fundi, asante, umenifumbua macho. Langu lilikuwa linatoa P0300 kwenye barabara ya mashimo tu, ya lami halitoi. Taa ya ABS, ile ya breki zinazozuia tairi kujifunga, nayo ilikuwa inawaka siku nyingi, sikuitilia maanani. Je, vinahusiana?

Fundi Krenki

Vinahusiana dada yangu. Tairi zikirukaruka, mtikisiko unapanda hadi kwenye krenki na kuonekana kama misi. Magari mengi husoma sensa za magurudumu za ABS ili kujua barabara ni mbovu, kisha husimamisha hesabu kwa muda. Sensa moja ikifa, kompyuta inabaki bila habari hiyo.

Mama Pacha

Basi ndiyo hiyo. Ilibadilishwa sensa ya gurudumu la nyuma kwa ajili ya breki, na P0300 ikaondoka nayo. Siku zote nilidhani ni bahati.

Bin Spana

Mimi nilipambana na P0301 mwezi mzima. Nilihamisha koili kwenda silinda ya tatu nikitarajia namba igeuke P0303. Haikugeuka. Nikahamisha plagi, ikabaki palepale. Nozeli vilevile. Hapo ndipo nilipopaswa kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, badala yake nikanunua koili nne. Nilipokuja kupima, silinda tatu zilikuwa karibu bari 12, ya kwanza bari 5. Nikadondoshea oili kidogo ndani, kipimo hakikupanda, kwa hiyo ringi ni nzima. Kufungua hedi, valvu ya kutolea moshi imeungua ukingoni. Wakuu, P0301 inasema silinda ya kwanza haikusukuma. Haisemi koili.

Dereva wa Usiku

P0300 pamoja na P0171, yaani hewa nyingi petroli kidogo, gari likiwa limesimama tu linaunguruma. Likishika mwendo linanyooka. Nilitazama marekebisho ya mafuta kwenye mashine, yaani petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza: yalikuwa +25% likiwa limesimama, na kushuka hadi +4% nikiipa injini mizunguko 2500. Injini ilikuwa inanyonya hewa ya wizi, inayopenya pembeni. Mpira mdogo wa vakyumu nyuma ya injini ulipasuka.

Kigari Cheupe

Nimesoma zote, na kuna kitu nimejaribu jana baada ya kisa cha Bin Spana. Mashine yangu ina ukurasa wa hali ya 06, na kwenye gari langu unaonyesha hesabu ya misi kwa kila silinda hata kabla taa haijawaka: safari ya sasa, na wastani wa safari 10. Silinda ya pili, yenye koili mpya, ni sifuri. Ya kwanza na ya nne sifuri. Ya tatu ina misi 14 kwa safari ya jana peke yake, na mimi nikiendesha sikuhisi chochote. Nimechomoa plagi yake asubuhi hii: ncha imelika, nafasi ya cheche imepanuka kupita kipimo cha kitabu. Nimeagiza zote nne. Nikishazifunga nitasafiri njia ileile, nilete hesabu hapa.