Kukadiria soko la bando Arusha: mstari wa Ekseli unanidanganya wapi?

Njiro_Hesabu: Wakuu, habari za leo. Naandaa makadirio ya miaka 2 kwa duka la jumla la laini na vocha, Arusha mjini hadi Usa River. Nina takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za kila robo mwaka tangu 2015. Nikivuta mstari wa mwelekeo kwenda mbele, kampuni kubwa inameza zote. Mtaani silioni hilo. Nakosea wapi?

Mnara wa Sakina: Mkuu, mstari wako umevuka nyufa mbili. Kwanza, ada ya maingiliano, ile kampuni moja inayoilipa nyingine simu ikivuka mtandao. Mwaka 2017 ilikuwa karibu shilingi 27 kwa dakika, 2018 ikawa 15.60, kufikia 2022 ikawa shilingi 2. Zamani kupiga mtandao mwingine kuliuma, mtu akafuata laini ya ndugu zake, na mkubwa akazidi kuwa mkubwa. Nguvu hiyo imeisha, ila mstari wako bado umeibeba. Pili, Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo laini zilipungua bila mteja kuhama. Tumia data ya 2022 kuja huku.

Mama Bando: Na usihesabu laini, hesabu bando. Kuhama na namba yako kunaruhusiwa tangu Machi 2017, lakini mtu wa soko la Kilombero hahami, anaongeza laini: ya zamani inabaki kupokea pesa, mpya inanunuliwa bando. Uliza, "Bando la mwisho umeweka laini ipi?" Baada ya miezi 3 waulize walewale, upate jedwali la asilimia ya waliobaki na waliohama.

Tuseme kuna kampuni tatu, na kati ya watu 1,000, A ana 400, B 350, C 250. A anabakiza 92%, 5% wanaenda B, 3% C. B anabakiza 90%, 4% A, 6% C. C anabakiza 88%, 6% A, 6% B. Robo ijayo A ni 368 + 14 + 15 = 397, B 350, C 253. Umeona? A ndiye anayeshika wateja kuliko wote, na bado kashuka. Mstari hauwezi kukuonyesha hilo.

Njiro_Hesabu: Asante sana dada. Watu 200 wanatosha?

Mama Bando: Hapana. Kwenye 200, C ana watu 50, na 6% yao ni watu 3. Mmoja akijibu ovyo, jedwali limepinda. Tafuta 600 kwenda juu, na uandikishe wa ziada, maana wengine hutawapata tena.

Mnara wa Sakina: Desemba msiulize kabisa. Watu wamepanda Moshi na Rombo kwa Krismasi, wananunua bando la mtandao unaoshika kule mgombani, siyo ule wanaoutumia mjini. Uliza Februari, Mei, Agosti na Novemba mwanzoni. Kampuni ikishusha bei au ikiwasha minara mipya, jedwali la zamani halifai tena, pima upya.