Jina la Sultani kwenye khutba, askari wa Vienna barabarani: Bosnia ilikuwa ya nani?

Maalim wa Wete:
Assalamu alaykum. Nasomesha historia sekondari, na tumekwama kwenye Bosnia na Herzegovina. Mkataba wa Berlin wa Julai 1878, kifungu cha 25, uliiruhusu Austria-Hungaria kulikalia jimbo hilo na kuliendesha, bila ya kumvua enzi Sultani wa Uthmaniya. Mwanafunzi ameniuliza: basi mtu wa Sarajevo alikuwa wa dola gani? Sitaki kumpa jibu la kumnyamazisha tu.

Mkaazi wa Mji Mkongwe:
Wa alaykum salaam, maalim. Kwenye karatasi alibaki wa Sultani. Mapatano ya Aprili 1879 baina ya dola hizo mbili yalitamka kwamba enzi ya Sultani haikuguswa, kwamba jina lake litaendelea kutajwa katika sala za Waislamu, na kwamba pale ilipokuwa ada kupandisha bendera ya Uthmaniya juu ya minara, ada hiyo iheshimiwe. Lakini hayo yaliandikwa baada ya mizinga kusema. Sarajevo ilitetewa na wenyeji wenyewe, na jeshi la Jenerali Filipović liliingia tarehe 19 Agosti 1878 kwa kupigana mtaa hadi mtaa.

Msomaji wa Chake Chake:
Mimi ningemuelekeza kijana huyo kwenye sheria ya 1881 ya kuandikisha vijana jeshini. Mkulima aliweza kumstahamilia mtoza kodi mgeni maadamu Ijumaa anasikia jina alilolizoea. Mwanawe alipotakiwa avae sare ya Kaizari Franz Joseph, ndipo alipojua hasa nani anamtawala. Mapema 1882 Herzegovina ikaasi, Waislamu na Waorthodoksi wakiwa upande mmoja, na hilo si jambo dogo, kwani mwaka 1875 wakulima wa Kikristo wa huko huko waliinuka dhidi ya mabwana wa ardhi Waislamu.

Maalim wa Wete:
Ahsanteni sana. Nimekumbuka maili kumi za mwambao wa Kenya: tangu 1895 Waingereza ndio waliotawala Mombasa, na bendera nyekundu ya Sultani wetu ikipepea Ngome ya Yesu mpaka 1963. Je, mfano huu unafaa darasani?

Mkaazi wa Mji Mkongwe:
Unafaa, ila uwaoneshe tofauti. Sultani wa Zanzibar alilipwa kodi ya mwambao kila mwaka, ilhali Istanbul haikulipwa kitu mpaka Bosnia ilipotwaliwa moja kwa moja Oktoba 1908. Mwaka uliofuata ikapewa lira milioni 2.5 za Kituruki. Hilo linafanana zaidi na zile marki milioni 4 ambazo Wajerumani walilipa mwaka 1890 kwa mwambao wa Tanganyika. Na mwanafunzi wako atauliza juu ya khutba, kwa hivyo jiandae: hata mwaka 1909, enzi ilipokwisha kukabidhiwa, mapatano yaliruhusu Sultani aendelee kutajwa msikitini, safari hii kwa cheo cha Khalifa.