Saudade ya Wareno kwa Kiswahili tunaiitaje? Naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, niko Lisbon mwaka wa pili sasa, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane huku Mouraria, mtaa wanaosema ndiko fado, ule muziki wa majonzi wa Wareno, ilikozaliwa. Sasa huyu bibi kila Jumapili anachoma samaki, anatenga na sahani ya marehemu mumewe, anamfungulia Amália Rodrigues, yule mwimbaji wa fado, redioni, basi machozi yanamtoka huku anatabasamu, ukimuuliza vipi anajibu neno moja tu, saudade.

Mwanzoni nikawa nampa pole nyingi, akanuna! Eti hajafiwa leo, na hataki kupozwa, hali yenyewe anaipenda. Wareno wanasema matar saudades, yaani kuziua, pale mnapoonana baada ya muda mrefu, ila za marehemu utaziuaje jamani.

Juzi kaniomba nimwandikie hilo neno kwa lugha yetu kwenye kadi, aiweke pembeni ya picha ya mzee. Nimekwama. Hamu? Mtu ana hamu hata ya chipsi mayai. Majonzi ni ya msibani, na huzuni haina ule utamu wa ndani. Jirani yangu wa Cabo Verde anatamba, wao wanayo sodade kwenye Krioli yao, mi nabaki kukuna kichwa.

Watu wa Lamu, Mombasa, Unguja, nyie wenye lugha nisaidieni. Na Jumapili akianza kulia nikae naye kimya au nimpishe?