Mdogo wangu anaanza kemo Jumatatu, kansa ya damu. Waliopitia naombeni ushauri

Kaka wa Tandika: Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu ana miaka 24. Ilianza kama mchezo: kuchoka, fizi kutoa damu akipiga mswaki, homa. Tumemtibu malaria mara mbili, dozi ikiisha homa inarudi. Mwishowe wakamvuta uboho kwenye mfupa wa nyonga, jibu ni lukemia kali, ile AML. Jumatatu analazwa Muhimbili, dripu za kemo (dawa za kuua kansa) siku 7. Tujiandae vipi? La pili ndilo linaloninyima usingizi: mama ameshanunua lita nzima ya shubiri na mlonge, anasema atampa kimyakimya "zisaidiane". Kubishana na mama siwezi.

Jirani mwema: Pole sana mkuu, Mungu amfanyie wepesi. Anyoe kabisa kabla. Kuokota nywele kwenye mto kila asubuhi kunaumiza kuliko kipara.

Nimerudi: Hiyo hiyo nimeipitia. Siku 3 za mwanzo wanaongeza dawa nyekundu, rangi ya juisi ya choya. Siku ya kwanza nilikojoa mwekundu nikamwita nesi huku nalia, najua nimeanza kutoka damu. Akacheka. Mwambieni mapema asije akashtuka kama mimi. Kutapika wala si sana, wanakuchoma sindano ya kuzuia. Kasheshe ni dripu zikishaisha: chembe za damu zinashuka, unakaa wodini karibu mwezi, mdomo vidonda mpaka maji yanachoma. Asukutue maji ya chumvi tangu siku ya kwanza. Mswaki uwe laini.

Binti Mzee: Mbona baba yangu ana kansa ya damu na anameza kidonge tu kila siku, yuko shambani? Dripu za nini?

Nesi wa zamu: Dada, ya baba ni ile sugu, CML. Hii ni kali, haingoji. Kaka, nunua kipimajoto leo. Akiwa nyumbani kati ya mizunguko ya kemo, joto likigonga 38 ni hospitali usiku huo huo. Msimpe panadoli mkasubiri kukuche, maana hana askari mwilini. Kachumbari hapana, chakula kiive na kiliwe cha moto. Wageni nao! Najua tulivyo, mgonjwa mmoja watu kumi na tano na kila mtu anataka kumpa mkono. Chagueni wawili, wengine wakachangie damu kwa zamu. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, hazitunziki zaidi ya siku 5, mkienda wote siku moja wiki ya pili mtahangaika. Shubiri inaharisha; akiharisha tutajuaje ni dawa au ni shubiri? Usibishane na mama. Mpeleke kwa daktari na chupa yake. Na kijana aulize habari za uzazi kabla ya dripu, wengi hukumbuka wameshachelewa.

Kaka wa Tandika: Nimerudi na mrejesho. Daktari ameifungua chupa, akainusa, akamwambia, "Mama, hii niwekee. Wewe nisaidie kumlisha." Mama hakusema neno mpaka tunafika kituo cha daladala. Hapo akaniuliza: uji wa ulezi ukitiwa limau utamchoma mdomo?

Nimerudi: Utamchoma. Mwambie atie maziwa yaliyochemshwa, na uji uwe vuguvugu.