Watoto wa Ohio wanakwenda Pangani Desemba: kadi ya njano, vidonge vya malaria na bibi yao asiyetaka kusikia

Binti_Pangani (Columbus, Ohio)

Jamani habari za humu. Nisaidieni kabla sijalipa tiketi, maana wakala anapiga simu asubuhi na jioni kama vile ananidai.

Desemba naenda nyumbani Pangani na wanangu watatu. Mkubwa ana miaka tisa, wa kati sita, na kitinda mimba wangu atatimiza mwaka mmoja wiki moja kabla ya kuondoka. Wote wamezaliwa huku, pasi zao za Marekani. Mimi bado nina pasi yangu ya Tanzania. Baba yao haendi, likizo hana. Tutakaa kwa mama Pangani, halafu siku chache Unguja kwa shangazi zangu, turudi.

Sasa tiketi ya bei nzuri inapita Addis Ababa. Tunafika pale jioni, tunalala, ndege ya Dar ni kesho yake. Jumla saa 14 za kusubiri, hoteli wanatoa wenyewe. Mimi nikafurahi, watoto wataoga na kulala kitandani. Juzi msibani shoga yangu mmoja akanitia baridi: ukipita hivyo lazima wote muwe na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, la sivyo mtakwama uwanja wa ndege Dar. Mwingine pale pale akamkatisha, hiyo ilishafutwa siku nyingi. Nimshike nani?

La pili ni malaria. Daktari wa watoto kaandika vidonge vya kila siku, kabla ya safari, tukiwa kule, na tukisharudi. Nilipomwambia mama kwenye simu, alicheka kwanza, halafu akakasirika. "Wewe umekulia kwenye nyumba hii, mbu hawa hawa. Wajukuu zangu wamekuwa wazungu lini?" Na kusema kweli nami najiuliza, je, mimi mwenyewe ninywe? Malaria nimeugua tangu sijajua kutembea, mwili si umeshazoea?

Mzee_wa_Kisosora (Tanga)

Karibu nyumbani binti. Mama yako nasimama naye. Sisi shule ya bweni tulipangwa mstari, tunamezeshwa klorokwini, mwili mzima unawasha mpaka unatamani kujikuna kwa ukuta, na malaria tuliugua vile vile. Hivyo vidonge vya Marekani ni biashara. Watoto wakipata homa, duka la dawa lipo, mseto unauzwa bei ya soda, siku tatu mtoto anacheza mpira. Hela ya vidonge nunua mchele wa sikukuu.

Kadi ya njano wakiuliza, kuna watu wanakutengenezea. Sijasema kitu.

Nesi_Mstaafu (Tanga)

Mzee wangu shikamoo. Umesema, na tumekusikia. Hapo kwenye kadi ya kutengenezewa nakuomba ufute. Ile kadi ina namba ya chanjo, muhuri wa kituo na sahihi ya aliyechoma, na maafisa wa afya wa uwanja wa ndege kazi yao ya kila siku ni kuitazama. Tena tukiacha muhuri, homa ya manjano yenyewe haina dawa ya kuiua. Anayeugua anapewa huduma ya kumsaidia mwili, basi.

Binti, mdogo wangu, nianze na Addis maana ndiyo inayokusumbua tiketi. Hao wawili wa msibani kila mmoja ameshika kipande. Tanzania haimwombi kadi ya njano mtu anayetoka Marekani moja kwa moja, maana Marekani hakuna homa ya manjano. Inamwomba anayetoka nchi yenye ugonjwa, au aliyesubiri ndege kwenye nchi hiyo zaidi ya saa 12. Ethiopia imo kwenye orodha. Kenya imo, Uganda imo. Umri ni kuanzia mwaka mmoja. Kwa hiyo saa zako 14 zimekuingiza, na hoteli ndiyo imekumaliza kabisa, maana mmetoka nje ya uwanja na kulala mjini. Kitinda mimba wako naye angekuwa na miezi 11 angesamehewa, lakini kwa tarehe ulizotaja atakuwa ameshavuka.

Kilichofutwa, ambacho nadhani ndicho shoga yako wa pili alikisikia, ni ule muda wa miaka kumi. Tangu tarehe 11 Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano ni ya maisha, hata kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi inakubalika. Kama wewe ulichomwa ukiwa Tanzania na kadi ipo kwenye sanduku la mama, mwambie aipige picha, halafu akutumie yenyewe kwa mtu.

Ningekuwa mimi ningebadilisha tiketi. Tafuta ya kupita Ulaya, Doha, au hiyo hiyo Addis lakini ya saa tatu nne. Ikishindikana, basi chanjo, na usichelewe: kadi inaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, na huko kwenu si kila kliniki inachoma, ni zile zilizoidhinishwa tu. Mtoto wa miezi tisa na kuendelea anaweza kuchomwa. Lakini huyo mdogo anadaiwa pia ya surua, na zote mbili ni chanjo hai, yaani zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Zichomwe siku moja au ziachane wiki nne. Mwulize daktari wake mapema, asije akapewa moja leo ukaambiwa nyingine subiri wakati mabegi yamefungwa. Surua usiiache hata ukibadilisha tiketi, watoto wa huku na huko watalala mkeka mmoja.

Ukipata ya kusubiri saa chache, vile vikaratasi vya kupandia ndege usivitupe. Afisa akiona umeshuka na ndege ya Addis anaweza kuuliza kadi. Unamwonyesha saa uliyofika na saa uliyoondoka, mnamalizana.

Malaria nitaandika jioni, hapa umeme unacheza.

Baba_Salma (Houston)

Nesi akiwa anasubiri umeme nichangie ya makaratasi.

Dada, angalia pasi za watoto leo, usingoje kesho. Ya mtu mzima Marekani ni miaka kumi, ya mtoto chini ya miaka 16 ni mitano tu, na Tanzania wanataka iwe na miezi sita mbele. Huyo wa miaka sita kama alipewa akiwa mchanga, imeshakufa. Na kuitengeneza upya wanataka wazazi wote wawili wafike, au baba asaini fomu mbele ya mthibitishaji. Hapo hapo mwambie baba yao aandike na barua ya kukuruhusu kusafiri na watoto peke yako. Unaweza usiulizwe safari nzima, lakini ukiulizwa saa nane ya usiku huna pa kuitoa.

Viza kwa pasi ya Marekani ni dola 100 kila kichwa, mtoto naye kichwa. Omba kwenye tovuti ya Uhamiaji yenyewe, anwani inaishia na go.tz. Ukitafuta kwa haraka zinatangulia tovuti za madalali zinazofanana nayo, zinachukua na chao juu. Na Unguja, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni analipia bima ya huko huko, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama una bima ya safari yako kutoka Marekani. Wewe mwenye pasi ya Tanzania haikuhusu, ila watoto wana pasi ya kigeni, wawekee kwenye bajeti.

Sasa Mzee wa Kisosora, kwa heshima yako, hili la "mwili umezoea" nina ushahidi wa nyumbani. Shemeji yangu amezaliwa Muheza, kakaa huku miaka mingi. Alikwenda harusi, dawa hakumeza, karudi salama, anatuhadithia. Kama wiki mbili baadaye akaanza kutetemeka. Kliniki moja ya jirani wakamwambia ni mafua, wakampa vidonge vya maumivu, hakuna aliyeuliza ametoka wapi naye hakusema. Kesho yake usiku hatambui watoto wake. Alilala chumba cha mahututi, figo zikayumba, wakamwekea artesunate, dawa ya malaria ya mshipa. Yuko hai, alhamdulillah, lakini bili ile ingeweza kumezesha vidonge ukoo mzima wa Muheza.

Nesi_Mstaafu (Tanga)

Umeme umerudi. Baba Salma asante, umenirahisishia.

Mdogo wangu, kinga ya malaria aliyonayo mama yako anaipata kwa kuumwa na mbu wenye vimelea mwaka hadi mwaka. Ukiondoka inapungua, na wewe umeondoka siku nyingi. Wanao hawajawahi kuwa nayo hata chembe. Kwa mbu wa Pangani, wale ni watoto wa Ohio, awe bibi yao nani. Huko Marekani wanagundua wagonjwa wa malaria kama 2,000 kwa mwaka, na kundi kubwa si watalii waliopanda Kilimanjaro. Ni sisi, tuliokwenda kusalimia. Mtalii anakunywa dawa kwa sababu anaogopa. Sisi tunakaa barazani mpaka saa tatu usiku, miguu nje, tunapiga soga.

Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Kila Desemba na Januari walikuwa wanaletwa hawa wajukuu wa ughaibuni. Mtoto kavaa fulana nzuri yenye maandishi ya Kiingereza, analegea begani kwa mama yake, na mama anasema ni uchovu wa ndege. Ukivuta kope ya chini, ndani kweupe kama karatasi. Mtoto wa hapa mwenye vimelea hao hao utamkuta anacheza. Huyu tunamtafutia damu.

Mzee, klorokwini unayoisema iliacha kutumika 2001 kwa sababu vimelea walishaizoea, ndiyo maana mliugua mkiwa mmeimeza. Na mseto ni dawa ya kutibu, haukingi. Tena uanze baada ya kipimo, kile cha tone la damu kidoleni, dakika 15 au 20 una jibu. Homa ya mtoto inaweza kuwa masikio, kifua, mkojo. Ukimeza mseto kwa kubahatisha unaficha kinachomuumiza.

Vidonge vya kila siku alivyoandika daktari nadhani ni Malarone au mwenzake wa jina jingine. Vinaanza siku moja au mbili kabla ya kufika, kila siku mkiwa huku, na siku saba baada ya kuondoka. Hizo saba za mwisho ndizo watu wanazoziacha, wakiona wameshafika kwao. Wapewe wakiwa wamekula au na maziwa, tumbo tupu vinawatapisha. Watoto hupimiwa kwa uzito, umri hautumiki, kwa hiyo wapimwe tena karibu na safari, na cha huyo mdogo mfamasia akukatie yeye mwenyewe. Doksisaikilini, kinga nyingine ya malaria, ni rahisi kwa bei ila haifai kwa walio chini ya miaka minane, na inataka wiki nne baada ya kurudi. Wewe unaweza kuinywa kama bima haikulipii, mradi si mjamzito.

Bado mtaumwa na mbu, vidonge havifukuzi. Jua likianza kuzama wavae suruali na soksi, mpake ile dawa ya ngozi ya kufukuza mbu, halafu chandarua chenye dawa, kila mtu chake au wale wadogo pamoja. Usikubali walale sebuleni kwenye mkeka na binamu zao bila chandarua, najua watalia.

Na mkirudi Ohio, homa yoyote ndani ya miezi mitatu, hata baada ya hapo, nenda siku hiyo hiyo na neno la kwanza mlangoni liwe: tumetoka Tanzania, pimeni malaria.

Mbwa na paka wa mtaani wasiwashike. Akiumwa au kukwaruzwa, osha kwa maji na sabuni dakika 15 halafu hospitali, usingoje mbwa aonekane mgonjwa.

Binti_Pangani (Columbus, Ohio)

Nesi dada yangu, Mungu akuweke. Baba Salma nimefungua droo, pasi ya huyu wa sita inakufa Januari! Baba yao kesho anaomba ruhusa kazini. Tiketi nimemwambia wakala anitafutie ya kusubiri saa chache, amenuna, bei imepanda kidogo, sawa tu.

Limebaki la mama. Vidonge amesema "fanya unavyoona" kwa ile sauti yake, mnaijua. Lakini chandarua cha chumba cha watoto anasema kipo, na mimi nakifahamu, kimetoboka tangu nikiwa sekondari. Nibebe kutoka huku?

Mzee_wa_Kisosora (Tanga)

Usibebe, vya huko ni vya kwenda kupiga kambi, havitoshi kitanda cha mninga. Nipe vipimo vya vitanda. Ngamiani vipo futi tano kwa sita na sita kwa sita, vyenye dawa. Nitanunua viwili nimpe dereva wa basi la Pangani, mama atavipokea stendi. Vidonge bado sijakubali. Na watoto waje na mafuta ya ngozi ya kutosha, ya huko yananukia vizuri kuliko yetu.

Nesi_Mstaafu (Tanga)

Mzee, na ile sentensi ya kadi bado ipo hapo juu. Naiona.