Naomba ushauri: "nisse" nimwite nani kwa Kiswahili?

Habarini ndugu zangu. Wanangu wawili wanakulia Norwei, na kila usiku nawasimulia hadithi kwa Kiswahili. Sasa nimekwama kwa nisse, yule kiumbe mdogo mwenye kofia nyekundu na nguo za kijivu anayeishi zizini, akiangalia mifugo usiku wenyeji wakiwa wamelala.

Ujira wake ni bakuli la uji mzito mkesha wa Krismasi, na siagi juu. Kuna hadithi maarufu: alipoona uji hauna siagi, alipandwa na hasira, akaenda kumuua ng'ombe bora zizini. Aliporudi kula, akaikuta siagi ndani ya bakuli, chini ya uji. Alijuta sana! Akaenda kumchukua ng'ombe wa jirani anayefanana na yule, akamfunga palepale. (Binti yangu huuliza kila mara: na yule jirani je?)

Nikisema "jini", mdogo anajifunika shuka mpaka kichwani. "Kibwengo" kwetu ni pepo mbaya, na huyu si mbaya, ana hasira za karibu tu. "Mbilikimo" silitaki kabisa. Hao ni watu, si viumbe vya hadithi. Nimefikiria "mzee wa zizi", lakini jina hilo linamwondolea uchawi wake.

Je, niliache "nisse" kama lilivyo? Au huko kwenu, hasa pwani, bibi zenu walikuwa na jina la kiumbe wa nyumbani anayetulizwa kwa chakula? Naombeni msaada, Desemba inakaribia.